Hakuna Mahali Nimeandika Amekufa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mchungaji alituambia kwenye semina ya wazee wa kanisa tuandike mambo yetu kila siku, ili mwisho wa mwaka tuone mkono wa Mungu ulipopita. Haya, naanza. Leo mkono wa Mungu sijauona. Wa Madam Emmaculate nimeuona.

Madam ndiye mkuu wa maktaba yetu hapa Kaloleni, Kisumu. Asubuhi ametuita ofisini mimi na Jentrix Nakhungu, ninayekaa naye dawati moja la kuazimisha vitabu. Maktaba inaingia mtandaoni, akasema. Vitabu vitatafutwa kwa simu. Kila msomaji atafungua akaunti. Mmoja wetu atabaki hapa kusimamia huduma hiyo. Wa pili ataenda kufungua tawi dogo Usenge, kile chumba cha mabati karibu na pale akina mama wanapoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Atakayebaki ni yule atakayekuwa ameleta wasomaji wengi kwenye mfumo kufikia Jumatatu ya tarehe kumi na saba.

Usenge! Mimi na omena hatupatani. Harufu tu, macho yanavimba, napiga chafya mpaka meno yanacheza. Na mke wangu Adero ana kibanda cha mitumba soko la Kibuye, hawezi kukiacha. Nilipomweleza jioni hakuinua macho kutoka kwa sufuria. Alisema, Baba Becky, safari njema, kitanda kitakuwa kikubwa.

Na huku nyumbani nani ataongoza sauti ya besi kwenye kwaya? Nani atakuwa katibu wa matanga? Maana hapa Kaloleni mtu akifariki, simu ya kwanza inapigwa mochari, ya pili inapigwa kwangu. Mimi ndiye huunda kundi la WhatsApp, naweka picha, naita watu, napanga viti na chai. Ndicho kitu pekee ninachokijua kwenye simu. Lakini hicho nakijua.

Jentrix alisomea kompyuta. Cheti chake amekitundika ukutani, palepale macho yangu yanapoangukia nikinywa chai.

Jumanne, 4 Machi

Mafunzo. Mwalimu yuko Nairobi, sisi tuko Kisumu, wenzetu wa matawi mengine wako kila mahali, sote kwenye vioo vya kompyuta kama picha za pasipoti. Jentrix alikuwa chumba cha pili na kompyuta yake.

Mwalimu akaomba kila mtu azime sauti. Nikazima. Nilivyojua mimi.

Kumbe nilichozima ni spika. Yaani mimi siwasikii, wao wananisikia. Na mimi nikiona kimya namna ile huwa naomba. Nikafumba macho nikamwambia Mungu ukweli wangu: Bwana, mwondolee Jentrix bando. Si milele. Mpaka tarehe kumi na saba tu. Na omena nayo, kama inawezekana, ipungue ziwani.

Nilipofumbua macho, midomo yote kwenye kioo ilikuwa inacheza. Nikafikiri wananifuatisha. Nikaendelea kidogo, nikamwombea na Madam ndoa. Ndipo Jentrix akaingia bila kubisha hodi, akabonyeza kitu kimoja, na sauti ikarudi wakati mwalimu wa Nairobi anasema Amina.

Jentrix aliniambia, asante kwa maombi, Katibu, ila bando langu ni la mwezi mzima.

Jumatano, 5 Machi

Jentrix amesajili darasa zima la chuo. Wanafunzi wamepanga foleni mpaka mlangoni, kila mmoja na simu, kama watu wanaopakuliwa pilau.

Mimi nikafikiri. Kwa nini nitafute watu wapya na wa zamani wapo? Nikatoa rejista ya wasomaji, nikaanza kuwaingiza wote na namba zao. Baadhi yao wamefariki. Nawajua, niliwazika mimi. Nikasita. Kisha nikakumbuka neno: Mungu si Mungu wa wafu bali wa walio hai, kwa maana kwake wote wanaishi. Kama kwa Mungu wako hai, maktaba ni nani iwakatae? Nikawaingiza.

Saa tisa akaja mama mmoja mjane na simu ya marehemu mkononi. Mume wake amepokea ujumbe kwamba amekaribishwa tena, achague vitabu viwili. Nilifikiri atanigombeza. Hapana. Aliinama juu ya dawati, akaniuliza polepole kama mfumo huu unaweza kumuuliza ufunguo wa kabati aliuweka wapi.

Madam alikuwa nyuma yake.

Wafu wote wamefutwa. Sheria mpya: msomaji atahesabiwa akifika hapa na miguu yake na kufungua akaunti mwenyewe. Madam akaongeza, Bwana Joram, awe anapumua. Jentrix alicheka mpaka akatoka nje.

Alhamisi, 6 Machi

Usiku uliopita Roho alinifundisha. Kwa nini nahangaika na mambo nisiyoyajua? Daudi alipopewa silaha za Sauli alizivua, akachukua kombeo lake. Kombeo langu ni nini? Kundi la WhatsApp.

Basi leo nimeunda kundi. Nimewaweka wote walio hai kwenye rejista, hasa wale waliokaa na vitabu vyetu mpaka vimekuwa vya familia. Jentrix sikumweka. Madam pia sikumweka, nataka aone matunda tu.

Picha ya kundi ilinisumbua. Picha ya vitabu haimtishi mtu. Ndipo nikamwona Mzee Laban ukutani. Mzee Laban ndiye aliyekuwa msimamizi wa maktaba hii kabla ya Madam. Alistaafu mwaka jana akarudi kwao Usenge. Picha yake iko ukumbi wa kusoma, suti nyeusi, tai, uso wa mtu anayedai kitabu. Chini yake Jentrix aliweka maua ya plastiki. Nikapiga picha na maua yake, ikatokea vizuri sana. Mtu mwenye kitabu chetu akiona uso ule hatalala.

Maneno sikuyahangaikia. Nilichukua yale ninayotumia siku zote, nikabadilisha mawili matatu: “Ndugu, jamaa na marafiki. Mmeongezwa hapa kwa jambo linalotuhusu sote. Tafadhali mtu asitoke kwenye kundi. Tutakuwa tukikutana kila jioni saa kumi na moja katika ukumbi wa kusoma. Aliye na chochote cha maktaba akilete. Bwana awabariki. Joram Ooko, Katibu.”

Nikabonyeza. Sijamaliza hata kuvua miwani, majibu yakaanza kumiminika. Tuko pamoja, Katibu. Mungu awatie nguvu wakati huu mgumu. Tumepokea kwa mshtuko.

Sikujua watu wanaelewa hivi jinsi mfumo mpya unavyotutesa.

Ijumaa, 7 Machi

Walikuja! Saa kumi na moja kamili ukumbi ulikuwa umejaa, na watu wakaendelea kuingia. Mtu ameleta viti vya plastiki vya kukodi bila kuombwa. Akina mama wameleta sukari na majani ya chai. Nimefundisha watu wengi, shule ya Jumapili na kwingineko, lakini wanafunzi watulivu namna hii sijawahi kuona. Wanaume wameshika kofia kifuani. Hakuna anayecheka. Nikiwaambia toeni simu, wanatoa. Nikisema andika jina hapa, bonyeza hapa, wanaandika, wanabonyeza. Mmoja hata hakuuliza akaunti ni ya nini.

Mama mmoja alinivuta kando akaniuliza kama Mzee Laban aliondoka kwa amani. Nikamwambia kwa amani kabisa, alipanda pikapu mwenyewe, na kitanda chake na kuku zake. Akanishika bega. Akaniambia, Katibu, huzuni inakuja kwa njia nyingi, nenda ulale kidogo.

Na vitabu vimeanza kurudi. Kimoja kimerudi kimefungwa kwa leso kama mtoto mchanga.

Madam alichungulia mfumo wake akaniita. Nimempita Jentrix kwa jioni moja. Aliuliza nimefanyaje. Nikasema nimerudi kwa jamii, Madam.  Jentrix alikuwa anatazama sukari.

Jumamosi, 8 Machi

Sasa sikia haya.

Nilipeleka chai Kibuye, kwa kibanda cha Adero. Nikakuta amemaliza kuuza magauni yote meusi na sketi za rangi ya kahawia. Nikampongeza. Akaweka mikono kiunoni. Alisema, Baba Becky, miaka yote hii mimi ndiye hukupikia ukienda matanga ya watu. Leo Mzee Laban anakufa na mimi mke wa katibu nasikia kutoka kwa wateja?

Nikamwuliza nani amekufa. Akasema nisimfanye mjinga, picha yake na maua iko kwenye simu ya kila mtu Kibuye.

Nilikaa juu ya bunda la mitumba. Yote yakanijia pamoja. Kofia, sukari, leso, yule mama na pikapu yangu.

Maana ni kweli, hapa kwetu ukijikuta umeingizwa kwenye kundi na namba yangu, huulizi kuna nini. Unajua. Na kuuliza aliyefariki ni nani ni aibu, ni kama kusema hukumjali. Unaandika pole, unasubiri picha ikuambie. Na kuwapigia simu wafiwa hakuna anayefanya hivyo. Watu huenda kwa miguu, na mikono si mitupu.

Nikamweleza Adero. Alicheka mpaka mwenye kibanda cha viatu akaja kuona. Kisha akaacha kucheka akasema, andika sasa hivi kwamba yu mzima.

Nikatoa simu. Nikaandika. Kidole kikawa juu ya kitufe. Halafu nikafikiria omena.

Nikasoma tena maneno yangu yote tangu Alhamisi, moja kwa moja, kama mtu anayetafuta chawa. Hakuna mahali nimeandika amekufa. Hakuna. Sijatenda dhambi ya ulimi. Kama watu wameelewa vingine, hiyo ni dhambi ya masikio, na masikio si yangu.

Nikafuta. Tarehe kumi na saba si mbali.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya kidogo. Mchungaji alisimamisha kanisa zima tumkumbuke Mzee Laban kwa kimya. Nikasimama. Kisha akaniita mbele niombe.

Nimeomba mara nyingi katika maisha yangu, lakini leo nilitembea kwenye maneno kama mtu anayepita juu ya mayai. Bwana, mkumbuke mtumishi wako Laban, popote alipo. Mpe pumziko, maana amestaafu. Wafariji wanaolia, na uwafunulie ukweli, kwa wakati wako, Bwana, tusiukimbize. Walisema Amina nzito.

Baada ya ibada Madam alikuwa ananingoja nje. Amesikia. Macho mekundu. Alisema sasa ameelewa kwa nini nilijitwika mambo yote ya jioni bila kumsumbua. Alisema ana deni langu la heshima. Ningesema kitu pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Likatoka neno pole.

Jumatatu, 10 Machi

Jioni nimeandika kwenye kundi: “Tukumbuke maneno ya mwisho ya Mzee Laban: Rudisheni vitabu.” Na ni kweli tupu. Ndiyo maneno yake ya mwisho siku aliyostaafu, akiwa ameshika soda mlangoni. Sikusema ya mwisho ya nini.

Ee! Mtu wa kwetu anaogopa nini kuliko kulala na kitu cha marehemu ndani ya nyumba, na marehemu mwenyewe amekidai? Kabla sijafunga mlango vilikuwa vinakuja kwa gunia. Kuna mtu amerudisha atlasi yenye nchi ambazo siku hizi hazipo. Kuna aliyeleta kiti, alikibeba enzi hizo, leo amekumbuka. Na kila mmoja anafungua akaunti kabla ya kutoka, maana nimesema ndiyo njia ya kuthibitisha kwamba amerudisha.

Basi ningekuwa mtu wa furaha, ila kuna Jentrix. Nilimkuta nyuma ya rafu za watoto analia. Alisema Mzee Laban ndiye alimfundisha kazi hii. Alipokuja hapa kutoka Busia hakuwa na mtu. Mzee alimwonyesha kubandika kitabu kilichochanika kwa uji wa unga, akamwambia kitabu ni kama mgonjwa, usimshike kwa haraka. Nikampa kitambaa changu. Nikamwuliza kama amethibitisha akaunti yake. Sijui kwa nini niliuliza. Mazoea.

Akapangusa uso akasema, Katibu, umeshinda, na nimeridhika. Ameshaamua kumwambia Madam kwamba ataenda Usenge mwenyewe, kwa heshima ya mzee, akae karibu na kaburi lake.

Nimeshinda! Sitaki kusema uongo hapa, moyo uliruka. Ila uliruka na kutua vibaya, kama kuku aliyefungwa mguu.

Jumatano, 12 Machi

Kundi limeniponyoka. Watu wamejipangia wenyewe. Jumamosi basi linakwenda Usenge, na kwaya, na hema. Mwenye sufuria kubwa amepatikana. Mimi nimechaguliwa katibu, kwa kauli moja.

Ilibidi nimpate Mzee Laban kabla basi halijampata. Simu yake hukaa dukani inachajiwa, haizungumzi mpaka yeye aende kuichukua. Nikampigia mwenye duka, akamwita.

Mzee akashika simu akasema, nasikia nimekufa.

Jana alikuja mtu kutoka Kisumu na jogoo kwapani. Alimkuta mzee anapalilia mihogo, kofia imemfunika uso, akamwuliza boma la Mzee Laban ni lipi. Mzee akasema ni hili. Mtu akauliza, siku imeshapangwa? Mzee akadhani anauliza siku ya kuchimba mihogo, akasema bado. Mtu akamkabidhi jogoo, akampa mkono kwa huzuni nyingi, akaenda zake. Nilimwuliza jogoo yuko wapi. Alisema, Joram, kuku wa matanga harudishwi, hata wewe unajua. Amemla.

Nikamwangukia. Nikaeleza yote, mfumo, omena, Jentrix. Nikamwomba, Jaduong', mzee wangu, jifiche tu mpaka Jumatatu, nenda kwa binti yako, mimi nitasema mazishi yamesogezwa.

Hakukasirika. Aliuliza nani na nani ameandika. Nikamsomea. Alinisimamisha kwa kila jina. Huyu ameandika nini? Rudia. Na yule mwalimu mkuu? Pole tu, basi? Neno moja? Na Jentrix je? Nikamwambia Jentrix hajaandika, Jentrix analia. 

Kisha akasema siku aliyostaafu walimpa soda moja na saa ya ukutani, wakarudi kazini. Tangu hapo hakuna aliyekanyaga kwake. Akasema miaka yake yote maktabani alikuwa akiwaambia watu wanyamaze. Sasa anataka kuwasikia wakisema.

Nikamwambia, Jaduong', waje? Akasema, waje na ile sufuria.

Jumamosi, 15 Machi

Sina nguvu, lakini nitaandika.

Niliomba pancha. Basi halikupata pancha. Niliomba mvua. Jua kali, omena zimetandazwa kote zinameta. Kabla hatujashuka macho yangu yalikuwa yamefura, pua inatiririka, nimeishikia kitambaa. Nikasikia akina mama wakinong'ona nyuma, tazama Katibu, yeye ndiye ameguswa zaidi.

Kwaya ikatangulia ikiimba. Tukaingia kwenye boma. Na pale katikati, kwenye kiti cha mbao, amekaa Mzee Laban. Suti nyeusi. Tai. Uso uleule wa picha. Hata maua ya plastiki ameyatafuta, ameyaweka miguuni.

Sauti ya kwanza ya kwaya ilipanda juu haikushuka. Mwenye sufuria aliiangusha, ikabingirika mpaka mihogoni. Wengine walikuwa wamesharudi ndani ya basi, wanamwambia dereva washa. Mchungaji alisema jina la Yesu mara kadhaa akirudi kinyumenyume.

Mzee akainua mkono, vilevile alivyokuwa akiinua ukumbini watu wakipiga kelele. Watu wakanyamaza. Mazoea ni kitu kikubwa. Akasema, mmetoka mbali na mmeandika hotuba. Kaeni. Someni. Mimi nasikiliza.

Wakasoma! Wafanye nini? Karatasi zilikuwa mikononi. Mwalimu mkuu, yule wa neno moja, alisimamishwa wa kwanza, akatoa hotuba ndefu papo hapo akitoka jasho. Jentrix alipofika kwenye uji wa unga hakuweza kuendelea. Mzee akamvuta akamkumbatia, na wote wawili wakalia, na mimi nikapiga chafya.

Ndipo watu wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, kunitazama.

Madam akanyoosha mkono. Nikampa simu. Alisoma kundi zima kuanzia juu, amesimama juani. Nikamwambia, Madam, hakuna mahali nimeandika amekufa. Akarudia kusoma. Akasema, kweli, hakuna. Akasema, lakini hata mahali umeandika yu hai sipaoni.

Tuliokolewa na chakula. Watu wakila hasira hupungua. Majirani wa Usenge wakaja kuona maiti inayokula ugali, wakasikia kuna mambo ya vitabu kwenye simu, wakataka na wao. Jentrix, macho bado mekundu, akawa anawafungulia akaunti chini ya hema. Na mwisho Mzee Laban akaingia ndani akatoka na kitabu kikubwa cha ndege wa ziwani, akampa Madam. Amekaa nacho tangu siku ile ya soda. Alisema amesikia marehemu anataka vyote virudi.

Kwenye basi hakuna aliyekaa karibu nami. Jentrix ndiye alikuja, karibu na Kisumu. Aliniuliza jambo moja tu: siku ile nyuma ya rafu, ulikuwa unajua? Nikasema nilikuwa najua. Akarudi kwenye kiti chake. Kitambaa changu hakukirudisha.

Jumatatu, 17 Machi

Hukumu. Madam alikuwa na idadi zote kwenye kompyuta. Nimeongoza. Mbali sana. Akanipongeza kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa.

Kisha akasema ninaenda Usenge.

Nikauliza na ahadi je. Akasema ahadi ilikuwa kwa anayeleta wasomaji, si kwa anayeleta wafiwa. Tena mtu anayeweza kujaza boma Usenge bila maiti, tawi la Usenge haliwezi kumshinda. Na watu wa kule wameniomba kwa jina. Nikafurahi kidogo nikauliza nani. Mzee Laban. Amekubali kuwa mwenyekiti wa kamati ya tawi. Amesema atakuwa anapita kila asubuhi kunikagua, na nije na unga wa uji.

Jentrix anabaki Kaloleni. Alinipitia dawatini akaniwekea boksi zima la vitambaa vya karatasi. Nikasema asante. Akasema, ni vya omena, Katibu, si vya huzuni.

Adero amenunua mto wa ziada. Wa kwake.

Jumanne, 18 Machi

Nimeomba asubuhi yote, na nimepata mwanga. Mungu hawezi kunipa kipawa halafu anizuie kukitumia. Watu wa Kaloleni wananipenda. Wakimwomba Madam kwa umoja, atalainika. Wanachohitaji ni kukusanywa.

Basi nimeunda kundi jipya. Safari hii nimekuwa mwangalifu, nimejifunza. Kosa la kwanza lilikuwa nini? Niliweka picha ya mtu aliyestaafu, asiyeonekana. Sasa nimeweka ya Madam Emmaculate mwenyewe, ambaye yuko hapa ofisini kila siku, kila mtu anamwona, hakuna anayeweza kukosea. Ni ile picha yake nzuri ya mahafali, anatabasamu. Nimeizungushia maua kidogo, kumlainisha.

Maneno ni machache: “Ndugu, jamaa na marafiki. Mmeongezwa kwa jambo zito linalotuhusu sote na Madam wetu. Mtu asitoke. Tukutane leo jioni ukumbini.” Na ili watu wasianze tena kuandika mambo yao ya kubuni, nimefunga kundi: ninayeweza kuandika ni mimi peke yangu. Jentrix angeona hilo angejua mimi pia nimeanza kuelewa mitambo.

Madam ametoka kwenda Bondo kwa mkutano, amezima simu. Vizuri, akirudi atakuta upendo.

Adero amepiga kutoka Kibuye mara mbili, anauliza kama atoe bunda jipya la nguo nyeusi. Biashara tu kichwani, huyo mwanamke.

Saa kumi inagonga. Huko nje nasikia viti vya plastiki vinashushwa.